Jumla ni Tisa

Land Rover 110 yenye injini ya 300Tdi ina silinda nne na valvu nane, na fundi aliyezeeka nayo huzipanga zote nane bila kufungua kitabu. Kazi hiyo hufanywa asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, kwa sababu chuma chenye moto hutanuka na kipimo chake hudanganya. Hufungua tapeti kava, huifuta kwa tambara na kuilaza juu ya madigadi bapa ya Land Rover, ambayo tangu zamani imekuwa meza ya mafundi. Kisha hupachika spana kwenye bolti ya puli ya krenki na kumkabidhi kijana wake. "Dogo, zungusha. Taratibu."

Kijana anazungusha. Roka zinapanda na kushuka, moja baada ya nyingine, na fundi anaitazama ya nane, ile ya mwisho kabisa karibu na kabini. Inapozama hadi mwisho, anasema, "Simama," halafu anarudi mbele na kuishika valvu ya kwanza. Ya sita ikizama, anarekebisha ya tatu. Ya nne ikizama, anarekebisha ya tano. Ya saba ikizama, ya pili. Baada ya hapo ni kinyume chake: ya kwanza kwa ya nane, ya tatu kwa ya sita, ya tano kwa ya nne, ya pili kwa ya saba. Ukijumlisha namba ya valvu iliyozama na ya ile inayorekebishwa, jumla ni tisa kila mara. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuikariri kanuni hiyo akiwa amesimama pale pale.

Siri yake ni umbo la krenki. Katika injini ya silinda nne za mstari mmoja, pistoni ya 1 na ya 4 hupanda na kushuka pamoja, ya 2 na ya 3 vilevile, na mpangilio wa valvu upande wa mbele ni kivuli cha ule wa nyuma. Valvu ikiwa wazi kabisa upande huu, pacha wake upande ule imefunga kabisa, na kemshafti imeigeuzia mgongo. Hapo tu ndipo nafasi iliyopo kati ya roka na valvu inapimika kwa haki.

Nafasi yenyewe ni milimita 0.20. Fundi hulegeza nati ya kufungia, hupitisha bapa la fila geji, na kuzungusha skrubu kwa bisibisi mpaka bapa lianze kuburuta. Lisipite kama halijagusa kitu, wala lisibanwe hata kuvutwa kwa nguvu. Hapo hukaza nati, na hapo ndipo mwanafunzi hukosea, kwa kuwa nati inapokazwa husogeza skrubu kidogo pamoja nayo. Fundi huirudisha geji baada ya kukaza. Ikibana, hulegeza na kuanza tena, hata kama ni mara ya tatu kwa valvu ile ile. Anajua gharama ya kupuuza: valvu iliyobanwa haikai vizuri kwenye kiti chake, moto hupenya ukingoni na kuila taratibu, iliyolegea hugonga kwa sauti na haifunguki kiasi inachotakiwa.

Magari ya namna hii husifiwa kwamba ni rahisi. Sifa hiyo inamdhulumu fundi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huchoma dizeli mara 6,000 katika dakika hiyo moja, na kila mara tone la mafuta lazima lifike kwa kipimo chake na kwa wakati wake. Ugumu wa kazi hiyo hauwezi kuyeyuka. Lazima ukae mahali. Katika gari jipya umekaa kwenye sensa, nyaya na programu. Katika gari la zamani sehemu yake kubwa imekaa kwa mtu, na mtu huyo ameukusanya kwa miaka, gari baada ya gari, hadi unaonekana kama si kitu.

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilipatikana kwa mgao, kwa hiyo Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover walilifunga bodi la aloi ya alumini juu ya chasisi ya chuma, kwa vipande bapa vilivyoshikwa na bolti na ribiti. Uamuzi uliotokana na uhaba wa Uingereza ukaja kuwafaa mafundi wa Monduli na Maralal: madigadi ikigongwa hufunguliwa, hunyooshwa kwa nyundo chini ya mti, na kurudishwa siku hiyo hiyo. Injini ya petroli ya lita 2.25 ilikuja mwaka 1958. Ikafuata Series III mwaka 1971, One Ten mwaka 1983, jina la Defender mwaka 1990, na 300Tdi mwaka 1994. Katika muda wote huo kanuni ya tisa haikubadilika. Fundi aliyejifunzia kwenye Land Rover 109 ya wizara au ya misheni alipofunguliwa boneti ya Defender alikuta turbo imeongezwa, mkanda wa taimingi umechukua nafasi ya cheni, na kipimo cha valvu kimepungua kidogo. Hesabu ilibaki ile ile. Alikuwa na mtaji wa ujuzi usioliwa na mabadiliko ya modeli.

Na ndani ya 300Tdi kuna kifaa kinachostahili kutazamwa kwa utulivu, nacho ni pampu ya dizeli ya Bosch, isiyozidi mkono mmoja kuibeba. Kazi ambayo leo hufanywa na kompyuta, humo hufanywa na springi, na vyuma vidogo vinavyosukumwa nje na kasi ya mzunguko, na shinikizo la dizeli yenyewe. Injini ikizidisha mbio, vyuma vinatawanyika na kupunguza mafuta. Turbo ikianza kupuliza, hewa hukandamiza kiwambo cha mpira kilicho juu ya pampu, nacho hushusha pini iliyochongwa kwa mteremko, na mteremko huo ndio unaoruhusu mafuta yaongezeke. Mtu aliyeichonga pini ile aliandika humo uamuzi wake wote: hewa kiasi hiki, mafuta kiasi hiki. Fundi wa pampu akiichomoa na kuiweka mkononi anausoma uamuzi huo kwa jicho, na akitaka anaweza kuuzungusha.

Hata kufunga mkanda wa taimingi wa injini hii kuna adabu yake. Fundi hufungia flaiwili kwa pini isizunguke, kisha huchomeka pini nyingine kwenye tundu la puli ya pampu ili na yenyewe itulie mahali pake. Chombo rasmi kipo, lakini kwa pini hiyo ya pili gereji nyingi hutumia biti ya drili ya milimita 9.5. Inaingia sawasawa, haichezi. Ikigoma kuingia hata kidogo, fundi haigongi. Anajua taimingi haijakaa, na anaanza upya.

Mwaka 1998 Defender ikapata injini ya Td5, silinda tano, nozeli zinazoamriwa kwa umeme, na kompyuta iliyowekwa chini ya kiti cha mbele. Ni injini yenye nguvu na wapo waliokwenda nayo mbali sana. Lakini ilikuja na ugonjwa wa aina mpya. Nyaya za nozeli hupita ndani ya tapeti kava, zikiwa zimeogeshwa na oili ya moto. Miaka inavyokwenda, oili hupenya ndani ya ganda la waya na kutambaa humo humo, polepole, mpaka inatokea kwenye plagi nyekundu ya kompyuta. Gari huanza kukosa moto, hurudi kuwa zima, hukosa tena. Dawa yake si ngumu: kusafisha plagi na kubadilisha kipande cha nyaya kilicho ndani ya injini. Ugumu uko katika kujua. Fundi aliyezoea kuweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake juu ya chuma ili asikie beringi ipi inalia, hapa sikio lake halina la kusikiliza. Oili inayopanda ndani ya waya haitoi sauti.

Ndiyo maana mwenye shamba wa Karatu, mfanyabiashara wa mbuzi wa Simanjiro na parokia iliyo mbali na lami bado huulizia gari la zamani. Hawachukii mambo mapya. Simu zao ni za kisasa kuliko zangu. Wanachopima ni umbali kati ya mahali gari litakapoharibika na mahali alipo mtu wa kulitengeneza. Dizeli ikiwaishia porini na hewa ikaingia kwenye paipu, wenye 300Tdi hulegeza skrubu juu ya filta, hupampu kwa kidole kile kimkono kidogo cha pampu ya ubavuni, povu linatoka, dizeli safi inafuata, skrubu inakazwa, safari inaendelea. Injini hiyo ikishawaka inahitaji waya mmoja tu wa umeme, ule unaofungua mlango wa mafuta kwenye pampu. Altaneta ikifa saa nne asubuhi, betri nzima inatosha kuuhudumia waya huo hadi jioni.

Wengine wameipa Land Rover mgongo na kuchukua Land Cruiser, ile ya mkonga, yenye injini ya 1HZ. Injini hiyo ilitoka mwaka 1990: lita 4.2, silinda sita, haina turbo, na pampu yake ni ya kimakanika. Haina haraka na mlimani hujivuta, lakini kampuni za utalii za Arusha zimeirefusha chasisi, zikaipandisha paa, na kuipeleka Serengeti na kurudi miaka nenda miaka rudi. Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada waliendelea kuliagiza gari hilo lenye injini hiyo hiyo muda mrefu baada ya masoko tajiri kuiacha.

Ukitaka kuona ufundi unaoibeba, usiende gereji. Nenda kwa fundi wa nozeli. Chumba chake ni kidogo na mlango hufungwa, kwa kuwa vumbi ndiye adui wake wa kwanza. Mezani kuna mashine ya kupimia yenye wenzo, geji ya duara na kikombe cha dizeli safi. Hufunga nozeli kwenye mashine, huangalia mikono yake iko mbali, kwa maana dizeli inayotoka pale inaweza kutoboa ngozi na kuingia mwilini, halafu hukandamiza wenzo. Mshale wa geji unapanda. Ukikaribia 150, yaani mara 150 ya kanieneo ya hewa tunayovuta, nozeli inafunguka.

Hapo fundi anafanya mambo matatu kwa wakati mmoja. Jicho moja liko kwenye mshale: umefungua kwa kiasi gani? Jicho lingine liko kwenye mafuta: yametoka kama ukungu ulionyooka, au yamechirizika upande mmoja? Na sikio linasikiliza mlio. Nozeli nzima ikipampuliwa taratibu hulia, mlio mkavu wa haraka, kwa sababu sindano iliyo ndani yake hufunguka na kujifunga mara nyingi mfululizo. Nozeli bubu ni mgonjwa. Akimaliza, hushikilia shinikizo chini kidogo ya kiwango cha kufunguka na kutazama ncha. Ikilowa ni sawa, tone likidondoka ina maana sindano haifungi, na kwenye injini tone hilo litageuka moshi mweusi na pistoni iliyochomeka.

Shinikizo likiwa chini, hufungua nozeli, hutoa kipete chembamba cha chuma kilicho juu ya springi na kuweka kinene zaidi, kisha hupima tena. Tofauti ya vipete hivyo kwa macho huwezi kuiona. Huvipanga kwenye kopo la dawa ya viatu, na huchagua kwa kuvisugua kati ya kidole gumba na cha shahada kabla ya kuhakikisha kwa maikromita. Zikiwa sita, lazima zote sita zifanane, vinginevyo injini itatetemeka ikiwa imesimama. Mchana mzima unaweza kwisha humo.

Mfumo mpya, wa reli moja ya mafuta kwa nozeli zote, ulianza kwenye malori ya Japani mwaka 1995 na kwenye magari madogo ya Ulaya mwaka 1997. Kwenye magari hayo madogo shinikizo lake la mwanzo lilizidi mara 1,300 ya kanieneo ya hewa, na la sasa limepita 2,000. Kompyuta huweza kupuliza mafuta kidogo kidogo mara kadhaa ndani ya mpigo mmoja wa pistoni, ndiyo sababu dizeli za siku hizi hazigongi kama cherehani ya zamani, hazitoi moshi na hazinywi sana. Hayo ni mafanikio ya kweli. Ila nozeli za namna hiyo zimechongwa kwa nafasi ndogo mno, na haziwezi kuvumilia maji wala uchafu. Sisi tunakumbuka enzi za mafuta ya kuchakachua, mafuta ya taa yakiongezwa kwenye dizeli, mpaka EWURA, mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuyawekea vinasaba mwaka 2010. Nozeli ya 1HZ ikinyweshwa mafuta mabaya hukohoa, husafishwa, huwekewa kipete. Ya reli moja mara nyingi hununuliwa mpya, na bei ya seti nzima inaweza kumfanya mwenye gari akae chini.

Kulichagua gari la zamani nako ni ufundi, na hakuna anayelifanya jambo hilo vizuri peke yake. Mnunuzi humchukua fundi wake, na fundi huanza kwa kugusa boneti. Kama ina joto, muuzaji ameshaliwasha, na fundi atataka kujua kwa nini. Hufungua kifuniko cha rejeta kuangalia kama mafuta yanaelea juu ya maji. Huchomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na silinda hedi au gasketi yake haifai. Hapo wengi huishia.

Likipita, huliwasha na kwenda nyuma kutazama moshi. Mweusi unasema mafuta ni mengi kuliko hewa. Wa bluu unasema oili inaungua. Mweupe unaodumu baada ya injini kupata moto unasema dizeli haiungui au maji yanaingia yasipotakiwa. Hurudi mbele, hufungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, na kuweka kiganja juu ya tundu. Injini inayopumua kwa nguvu ringi zake zimechoka. Mwisho hulala chini na nyundo ndogo, akigonga chasisi kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia wazi; kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito iliyokufa. Land Rover iliyokaa Dodoma au Singida na iliyokaa Tanga karibu na bahari zinaweza kuwa za mwaka mmoja na zisilingane hata kidogo. Fundi pia hutafuta unga mweupe mahali alumini inapogusana na chuma, kwa sababu metali hizo mbili zikipata unyevu hulana. Yote hayo huchukua asubuhi moja, na mara nyingi jibu ni, "Bosi, hili tuliache."

Sheria nazo zimeyapa magari haya thamani ya pekee. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Tanzania huruhusu, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Zipo sababu nzuri za sheria hizo, moshi na usalama zikiwa za kwanza. Matokeo yake ni kwamba Defender ya miaka ya tisini iliyopo nchini ni nadra kupata mwenzake kutoka nje. Haibadilishwi; inafufuliwa. Injini inashushwa, bloku linapelekwa kuchongwa, pistoni za ovasaizi zinawekwa, krenki inasagwa, na gari lenye umri wa kuoa linarudi barabarani.

Spea zinatafutwa Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, na hapo tena jicho la fundi ndilo linalookoa fedha. Beringi mpya kwenye boksi zuri haimtishi. Anaitoa kwenye karatasi, anasoma maandishi yaliyochorwa kwenye chuma, anaizungusha karibu na sikio, anaipima uzito kiganjani. Wengi wao wakipewa kuchagua kati ya spea mpya ya feki na iliyotumika lakini orijino, hawasiti, huchukua iliyotumika. Kitu ambacho kimefanya kazi miaka ishirini na bado hakijalegea kimeshafaulu mtihani.

Pamoja na sifa zote hizo, gari la zamani lina mahali linaposhindwa, na fundi mkweli hukwambia. Defender ya zamani haikuwahi kuwa na mifuko ya hewa ya kuwakinga abiria. Ndiyo sababu iliondoka kwenye soko la Marekani mwaka 1997, sharti hilo lilipokuwa linaingia. Nyingi hazina breki za kuzuia magurudumu kujifunga. Anayesafirisha watoto kila wiki katika barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera, kati ya mabasi na malori, ana haki kabisa ya kutaka gari lenye kompyuta zinazoshika breki kwa haraka kuliko mguu wake. Dizeli ya zamani pia hutoa masizi yanayovutwa na jirani ambaye hakuchagua gari hilo. Tarehe 29 Januari 2016, kiwanda cha Solihull kilipofunga mstari wa Defender hiyo baada ya zaidi ya magari milioni mbili ya ukoo huo, sababu hizo zilikuwa sehemu ya hesabu.

Wala ufundi haukufa umeme ulipoingia. Wapo vijana wanaosoma mawimbi ya sensa kwenye kioo cha kompyuta mpakato na kukuambia waya upi umekatika, nao wana subira ile ile ya fundi wa nozeli. Kikwazo chao ni kufuli. Kampuni nyingi hufunga programu zao, kifaa kipya hakikubaliwi na gari mpaka kisajiliwe kwa mashine ya wakala, na wakala yuko mji mwingine au nchi nyingine. Kijana anaweza kuwa amekwisha kuujua ugonjwa, akabaki amesimama mlangoni. Pampu ya Bosch haina mlango wa namna hiyo. Ina skrubu, na skrubu humtii yeyote aliyejifunza.

Namna ya kujifunza ndiyo inayonitia wasiwasi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inafundisha ufundi wa magari, na imekuwa ikiwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mitaani, jambo la busara. Lakini kusikia nozeli inavyolia hakupatikani kwa muhula mmoja. Kijana huanza kwa kuosha vifaa kwa dizeli, halafu kushika taa, halafu kuzungusha krenki, na miaka inapita kabla hajaachiwa geji mkononi. Katika miaka hiyo anakula nini? Mwenzake aliyenunua kisomaji kidogo cha hitilafu huchomeka, husoma namba, hupokea ada yake na kwenda zake. Mteja hulipa bila ubishi, kwa kuwa mashine ina kioo na inawaka. Mteja huyo huyo akifika kwa fundi wa nozeli aliyeinama saa nne huanza: "Kwani umefanya nini? Si umebadilisha vipete tu?"

Fundi anayelipwa nusu hujifunza kufanya nusu. Huacha kupima mara ya pili, hununua beringi iliyopo dukani badala ya kuitafuta nzuri, na humruhusu kijana wake aende akaendeshe bodaboda. Hapo ndipo gari la zamani huanza kusingiziwa ubovu ambao si wake.

Kwa hiyo anayejisifu kwamba amekwepa gharama za gari la kompyuta apige hesabu yote. Fedha iliyobaki mfukoni mwake ina wenyewe wawili: fundi aliyeubeba ugumu ambao kompyuta ingeubeba, na kijana anayemshikia taa. Amlipe wa kwanza bei ya kazi yake, na amuulize kama anamfundisha wa pili. Land Rover ikitunzwa inaweza kukaa miaka hamsini, na hakuna fundi anayekaa kazini muda wote huo.